Barua kwa Mama Neema

Goma, Keshero

Mama Neema mpendwa,

Barua yako niliipata pamoja na unga wa muhogo, aksanti sana, watoto wameshaumaliza. Sisi tuko wazima. Habari za mji unazisikia redioni, kwa hiyo naziruka, nije moja kwa moja kwa kaka yako mkubwa.

Unasema kila bidoni ya maji ikitiwa klori anaimwaga, kwa sababu ameambiwa dawa hiyo inaziba uzazi wa mabinti zake, na kwamba umechoka naye, maana mtu mzima habadiliki. Hapo sikubaliani nawe. Ngoja nikusimulie ya baba mkwe wangu, maana wewe ulihamia Bukavu yakiwa katikati.

Unakumbuka kiwanja chetu, upande wa chini, penye kile kibonde cha mawe meusi. Kuku walianza kufia pale, kisha mbuzi. Asubuhi unamkuta mnyama amelala kama aliyesinzia, hana jeraha wala povu mdomoni. Kwa baba mkwe jibu lilikuwa tayari: wamelishwa karuho, ile sumu ya kurogwa. Na mwenye karuho alijulikana kabla hatujauliza, yule bibi mjane jirani, ambaye kosa lake ni kuzeeka bila mtu wa kumtetea. Watoto wetu walikatazwa kupokea hata ndizi mkononi mwake. Unajua maneno ya namna hiyo yanavyoishia huku kwetu: leo ni minong'ono, kesho vijana wamebeba mawe.

Shemeji yangu anayefundisha jeografia alijaribu kumweleza. Alisema ni mazuku, gesi ya kaboni dioksidi inayopanda kwenye nyufa za ardhi ya volkano, na kwamba iko hapa Keshero, Mugunga, Bulengo, hadi upande wa Sake. Akasema uzito wake ni karibu mara moja na nusu ya hewa, ndiyo maana inatuama kwenye mabonde usiku na alfajiri kukiwa hakuna upepo, na huioni wala huisikii harufu. Yote ni kweli tupu. Lakini aliyasema mezani mbele ya wageni, nusu yake kwa Kifaransa, akamalizia kwa kicheko. Mzee akanawa mikono, akaenda kulala. Baada ya siku ile karuho ilizidi kuota mizizi nyumbani, na mimi nilimlaumu mwalimu kuliko mzee.

Kisha alikuja fundi mwashi, wa rika la baba mkwe, kutujengea ukuta. Alifika jua halijachomoza, akasikia habari za mbuzi, akaomba kibatari. Akakifunga kwenye ncha ya fimbo, wakashuka wawili hadi ukingoni mwa kibonde. Mimi nilikuwa nawasha makaa, naona kila kitu. Fundi akanyoosha fimbo: moto unawaka sawa. Akaishusha: unawaka. Ilipokaribia chini, usawa wa magoti hivi, moto ukanywea, ukazimika, na hakuna aliyepuliza. Akaivuta, akawasha tena, safari hii akampa baba mkwe ashike mwenyewe. Ukazimika pale pale. Mzee alikaa kimya, kisha akauliza mwanangu Baraka anafika wapi akisimama. Fundi akaweka kiganja kwenye paja lake. Hawakuzungumza zaidi, wakaanza habari ya mawe ya ukuta.

Hadi leo hajatamka kwamba amebadili mawazo. Ila wiki ile kibonde kilizungushiwa mawe. Halafu mama mkwe akatumwa kwa bibi na sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Baada ya muda nikamkuta bibi mwenyewe barazani kwetu anachambua maharage. Kama kuna msamaha ulioombwa, hiyo ni habari yao wazee.

Na usidhani ameacha yote. Ukimuuliza atakuambia mazuku ni gesi, amekubali, lakini mbona ilichagua mbuzi wake na siyo wa jirani? Shemeji akisikia hivyo anapandisha hasira. Mimi nasema aachwe. Watoto hawashuki kibondeni na bibi analala kwa amani. Kilichobaki kichwani mwa mzee hakimdhuru mtu.

Waliobadilishwa na hofu ndio siwaamini. Wangapi walituhakikishia kwamba volkano yetu ya Nyiragongo hailipuki bila kutikisa ardhi kwanza? Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 ikaja bila dalili za wazi, matetemeko makubwa yakafuata nyuma. Tarehe 27 kartie 10, yaani mitaa ya mji, zikaamriwa kuhama, na hapa kwetu barabara ilijaa watu wa kuelekea Sake, magodoro kichwani. Nilisikia wengi wakiapa kwamba Goma hawajengi tena. Sasa uliza bei ya kiwanja uone.

Basi kaka yako usimshike mbele ya mke wake na mashemeji. Anayemwaga maji anawaogopea binti zake, anza hapo. Mtafutie mama wa rika lake ambaye amekunywa maji ya klori miaka na miaka, aongee naye yeye, siyo wewe mdogo wake. Au mlete Goma. Nitampeleka alfajiri kando ya ziwa, pale kijana wa bomba la sindano anapotia dawa kwenye kila bidoni ya lita 20. Akae juu ya jiwe ahesabu wanawake waliobeba watoto mgongoni na wenye mimba wanaochota pale. Nadhani atachoka kuhesabu. Kama ni harufu inayomkera, mwambie ayaache nusu saa kabla ya kunywa. Muda huo dawa inauhitaji hata hivyo ili ifanye kazi. Ya kipindupindu usimtishie sana. Ana umri wa kuukumbuka mwaka 1994, na wakimbizi waliokufa hapa kwa maelfu.

Kaka yako akija kwa meli, unitumie ujumbe mapema nimpokee bandarini. Na unga, kama upo.

Nakusalimia sana, wewe na Papa Neema.

Mama Baraka