Barua ya wazi kwa Kamishna wa leseni za poka mtandaoni: tupeni faili

Mheshimiwa Kamishna,

YAH: KUMBUKUMBU ZA MASHINDANO YALIYOKATIKA JUMAPILI

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba ofisi yako ingali inalishughulikia lalamiko langu, maana kila nikiuliza najibiwa "linashughulikiwa". Ni jibu la adabu, sikatai. Ila limezeeka, na subira yangu imekwisha, ndiyo maana leo nakuandikia mbele ya watu.

Jumapili iliyopita tovuti uliyoipa leseni ilianguka katikati ya mashindano yake makubwa. Tulikuwa tumebaki wachache. Kwanza vitufe vikawa vizito, kisha karata zikaganda, kisha nikatupwa nje. Niliporudi nilikuta madau ya lazima yamekatwa mfululizo nikiwa sipo, karata zangu zimetupwa zenyewe, na wenzangu wawili walikuwa wakiendelea kucheza kama kawaida na kujizolea. Nilipowaandikia huduma kwa wateja, nikaambiwa nikague intaneti yangu. Kesho yake tovuti hiyohiyo ikatoa tangazo la mistari miwili kwamba ilipata "changamoto za kiufundi". Ajabu ya Mungu, intaneti yangu na mitambo yao viliugua saa ileile.

Mimi si mhandisi, lakini dalili hizi si ngeni kwa mtu yeyote anayecheza poka mtandaoni. Maelfu ya kompyuta zilizotekwa humiminia seva, yaani kompyuta kuu ya tovuti, maombi ya uongo hadi ielemewe na kuwafungia nje wateja halali. Desemba 2014 mtandao wa Winning Poker Network ulilazimika kufuta mashindano yake ya dola milioni moja baada ya kushambuliwa namna hiyo. Agosti 2018 zamu ikawa ya tovuti za partypoker na PokerStars, tena ndani ya siku chache. Wakubwa hao walisema hadharani kwamba wameshambuliwa. Kushambuliwa si aibu. Aibu ni kumwambia mteja akague waya wake.

Nani aliyefanya Jumapili? Nina dhana zangu. Huenda ni wale wanaoangusha tovuti kisha wakadai fedha ili waache. Huenda pia ni mtu aliyekuwa amekaa nasi mezani, kwa sababu siku hizi shambulio hukodishwa, na anayebaki ameunganishwa wakati wengine wamekatika huchuma bila jasho. Wale wawili sijawatuhumu. Nauliza tu, kama ambavyo ofisi yako ingeuliza ingekuwa na hamu ya kujua.

Na hili si la kwanza kunifika. Kabla yake kuna aliyeingia katika akaunti yangu nikiwa nimelala, akakaa meza ya watu wawili na akaunti nisiyoijua, akaipotezea salio langu lote kwa makusudi. Anaweka dau kubwa, anatupa karata. Anaweka tena, anatupa tena. Tovuti ilinijibu kwamba nenosiri lililotumika lilikuwa sahihi, kwa hiyo kwao hakuna wizi. Nikaomba anwani ya IP ya aliyeingia, ile namba inayoonyesha aliunganishwa kutoka wapi mtandaoni. Wakasema hawawezi kuitoa kwa kuheshimu faragha ya mteja. Mteja yupi, Mheshimiwa? Mwizi?

Ofisi yako ilipoletewa suala hilo ilinitumia kijikaratasi cha ushauri: niweke nenosiri refu na nisifungue viambatisho. Nashukuru. Lakini wanaotuwinda hawangojei uzembe wetu. Mwaka 2013 mchezaji mashuhuri kutoka Ufini aliacha kompyuta yake chumbani katika hoteli ya mashindano huko Barcelona, na baadaye wataalamu wa F-Secure, kampuni ya usalama wa kompyuta, wakakuta imepandikizwa programu ya kuwezesha mtu wa mbali kuona karata zake. Mwaka 2015 kampuni ya ESET ilieleza programu hasidi iitwayo Odlanor, iliyokuwa ikipiga picha za skrini za wachezaji wa PokerStars na Full Tilt ili mwenye kuituma aone karata zao kisha aende kuketi kwenye meza zao. Mtu wa namna hiyo huwezi kumnasa kwa kuangalia nenosiri. Unamnasa kwa kuangalia alivyocheza: alitupa lini, alikomaa lini, na mbona kila mara alijua.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Ukiangalia nyuma, kashfa za mchezo huu huibuliwa na watu wa nje, si na walinzi wa mlangoni. Mwaka 1999 kampuni iliyotengeneza programu ya kuchanganya karata ilichapisha kanuni za hesabu za programu hiyo ili watu waone ilivyo ya haki. Watafiti wa programu walizisoma wakashika vichwa. Mpangilio wa karata 52 una njia nyingi kiasi cha tarakimu 68, lakini programu ile ilichukua namba yake ya kuanzia kuchanganya kwenye saa ya mfumo, milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) tangu usiku wa manane, ambazo kwa siku nzima ni 86,400,000 tu. Wakioanisha saa yao na ya seva, zilibaki njia kama 200,000, kazi ndogo kwa kompyuta. Walitazama karata zao mbili na tatu za mezani, wakajua za kila mtu.

Mwaka 2007 ikaja kashfa ya tovuti ya Absolute Poker. Mchezaji aliyeshindwa kwa namna isiyoingia akilini aliomba kumbukumbu za mashindano yake. Akatumiwa faili lenye zaidi ya alichostahili kuona: karata zilizofunikwa za kila mtu pamoja na anwani za IP. Wachezaji wenzake walilichambua, wakagundua kwamba kulikuwa na akaunti iliyokuwa ikiona karata za wote. Kampuni ilikuwa imeshakanusha! Kamisheni ya Kahnawake huko Kanada, iliyoipa leseni, iliitoza faini ya dola 500,000, na tovuti ya UltimateBet, ambako uchafu wa aina hiyo ulidumu miaka, ikatozwa dola milioni 1.5. Faini zilikuja, ndiyo. Zilikuja baada ya wachezaji kufanya kazi ya mkaguzi bila mshahara.

Hata Desemba 2023, tovuti ya GGPoker ilikiri kwamba mtu mmoja alichezea programu yao hadi akaweza kukisia uwezekano wake wa kushinda kila mkono, yaani kila mzunguko wa karata; ikamnyang'anya dola 29,795. Wachezaji walikuwa wameshaanza kupiga kelele kuhusu ushindi wake usio wa kibinadamu.

Ulipotangaza masharti mapya ya leseni ulituahidi, kwa kinywa chako, kwamba mchezaji "hatabaki gizani". Uliahidi pia kwamba kila tovuti itatoa taarifa za mashambulio kwa wakati. Huenda zinatolewa kwako. Sisi hatuzioni. Cheti cha kuthibitisha mtambo wa kuchanganya karata kimewekwa chini ya ukurasa wao kama hirizi, na wanaamini kinatosha kufukuza kila baya.

Nilikuwa nimeandika orodha ndefu ya madai: fidia, ukaguzi mpya, ulinzi wa hatua mbili kuwa wa lazima, watu wa huduma kwa wateja wanaosoma kabla ya kujibu. Nimeifuta. Najua orodha ndefu huishia kwenye kamati. Naomba kitu kimoja.

Iamuru tovuti hiyo inipe mimi, na kila aliyeshiriki Jumapili, kumbukumbu kamili za mashindano yale: kila mkono uliochezwa, karata za wote, nani alikatika saa ngapi na nani hakukatika. Majina wayafiche wakitaka. Anwani za IP waziweke namba bandia, mradi zinazofanana zionekane zinafanana. Mchezo umeshakwisha, karata zile hazina siri tena ya kulinda isipokuwa ya mtu aliyeiba. Faili, Mheshimiwa. Si pole, si kijikaratasi kingine, si bonasi ya kunirudisha mezani (wameshanitumia, sijaigusa). Faili.

Ukiona haiwezekani, basi niandikie kwa maneno yako mwenyewe kwamba haiwezekani, na useme ni kifungu gani cha masharti kinachozuia. Nitakichapisha kama kilivyo, wenzangu wakisome kabla ya kuweka fedha zao mahali penye muhuri wako.

Wako katika kusubiri,

Mchezaji ambaye namba ya lalamiko lake mnayo tayari mezani