Jedwali lako la protoni

Rehema shoga yangu,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, na kimya changu unisamehe. Zuhura kanionyesha jedwali lako la protoni zitakazopiga kitambuzi cha darubini yako ya eksirei huko angani. Tafadhali usilipeleke kwa Mzee Kombo kwanza, maana unamjua!

Umekizungushia kitambuzi alumini ya milimita 3, ukaona protoni za nishati ya chini ya MeV 20 hazipenyi, ukazifuta zote. Kwa kuta, sawa. Ila darubini ya eksirei ina mdomo wa kuingizia miale. Chandra, darubini ya eksirei ya NASA, ilirushwa Julai 1999, na haikupita miezi miwili CCD (vipande vya silikoni vinavyonasa picha) nane kati ya kumi za kamera yake, ACIS, zikawa zimeumia. Zilizoziumiza ni protoni dhaifu, za keV 100 hivi (MeV moja ni keV 1,000), zilizoteleza juu ya vioo vilevile vinavyokusanya eksirei mpaka zikatua kwenye silikoni. Humo zinazama kama mikromita moja tu, na hapo ndipo ulipo mfereji wa chaji, njia inayopitisha elektroni za picha zikasomwe. Zile CCD mbili zinazopokea eksirei kwa mgongoni zilisalimika, kwa kuwa mfereji wake uko nyuma ya mikromita 45 za silikoni.

Usidharau hasara ndogo. Atomi ya silikoni ikisukumwa na protoni, pengo lake hushikana na fosforasi iliyomo humo likawa mtego: hudaka elektroni na kuiachia kwa kuchelewa. Chaji husogezwa pikseli hadi pikseli; kila msogezo ukipoteza sehemu moja kwa 10,000, baada ya misogezo 1,024 kama asilimia 10 ya chaji imekwenda.

Kwa hiyo ndani ya Geant4, programu yetu ya kuigiza safari za chembe, chora vioo, weka chanzo cha protoni mdomoni, na utumie fizikia ya mtawanyiko wa mgongano mmoja mmoja. Ile ya kawaida haiaminiki kwa protoni inayoparaza kioo. Kikomo cha milimita 0.7 cha kuzalisha chembe mpya kinachokuja na programu hakifai kwa tabaka la mikromita: kishushe, na hatua anazopigiwa hesabu protoni ziwe fupi kuliko unene wa mfereji. Kisha hesabu NIEL, yaani nishati inayosukuma atomi badala ya kung'oa elektroni. Umetoa dozi ya kung'oa elektroni tupu, kwa kipimo cha rad, nayo inaeleza madhara ya tabaka la oksaidi, haielezi mitego.

Halafu kwenye tufe unalorushia protoni kuelekea ndani, ili kupata mtiririko umegawanya idadi yake kwa 4πR². Kwa chanzo kinachorusha kwa kanuni ya kosaini ya pembe ni πR². Mtiririko wako umepungua mara nne, mama!

Uhuru, setilaiti ya eksirei iliyorushwa 1970 kutoka jukwaa la San Marco kule Malindi, ilikaa chini, karibu na ikweta, mikanda ya mionzi inayoizunguka Dunia ikabaki juu yake. Wewe umetaka obiti ndefu, basi na ada yake ulipe.

Tena vioo, Rehema. Hayo mengine utayarekebisha jioni moja, vioo ndiyo kazi.

Joto la CCD umeweka ngapi? ACIS ilibidi ishushwe hadi nyuzi -120. AP8, ile modeli ya protoni za mikanda uliyotumia, ni ya jua tulivu au ya jua kali? Kitambuzi kinaondolewa kwenye fokasi kikipita mikandani, kama wanavyofanya Chandra, au kinabaki wazi? Na kompyuta ya Juma imepona, au bado unaendeshea kwenye ile ya ofisini usiku?

Wako,
Asha