Meli zisikimbilie foleni

Mhariri,

Mjadala wa meli zisizochafua hewa umejaa mafuta mbadala kama amonia na methanoli, huku njia iliyo karibu zaidi ikisahaulika: kupunguza mwendo. Nguvu ya kusukuma meli hupanda takriban kwa mchemraba wa kasi (kasi mara kasi mara kasi). Kasi ikishuka asilimia 10, nguvu hushuka karibu asilimia 27. Safari hurefuka, lakini mafuta ya safari nzima bado hupungua kwa kama asilimia 19.

Kinachokwamisha ni mikataba. Mingi ya kukodi meli humtaka nahodha aende upesi awezavyo, na gati likijaa mwenye meli hulipwa fidia ya kusubiri. Basi meli hukimbia, kisha hutia nanga siku kadhaa. Kwenye maji ya joto, mwani na viumbe wenye magamba hujishikiza chini ya meli, upande wa nje, na kwenye rafadha (panga zinazoisukuma), na safari inayofuata hula mafuta zaidi.

Bandari zitangaze mapema saa ambayo gati litakuwa wazi, na mkataba umruhusu nahodha kuifuata bila kuhesabiwa kosa. Mwendo usishuke kupita kiasi, lakini: injini kubwa ikifanya kazi kwa mzigo mdogo mno, masizi hujaa kwenye tabochaja, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini.

Wahandisi wa meli