Maji ya gari la kambi hayagandi Nairobi, yanaoza

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wenye magari ya kambi, yale yenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani, ambayo wengi wetu huyafunika turubai mvua za masika zinapoanza na kuyasahau mpaka safari za Agosti.

Mwaka jana nilimwachia fundi wa gereji gari langu alitayarishe kwa miezi minne ya kukaa bure. Kijitabu cha gari hilo, kwa kuwa lilitumika Uingereza kabla ya kuletwa hapa, kinaagiza mfumo wa maji utiwe dawa ya kuzuia kuganda kila majira ya baridi yanapokaribia. Fundi, kwa nia njema kabisa, akachukua kulanti ya rejeta, ile dawa ya kupozea injini ambayo nayo huzuia kuganda, na kuimimina katika tangi la maji ya kunywa. Niligundua kwa sababu mfereji wa jikoni ulitoa maji ya kijani. Lau kulanti ile isingekuwa na rangi, ningaliipikia chai, kwani kulanti nyingi hutengenezwa kwa ethilini glikoli, sumu yenye ladha tamu inayoharibu figo na hata kuua.

Huko ughaibuni agizo hilo lina maana. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, yakapasua mabomba, pampu na hita, na ndiyo sababu wenzetu humwaga maji yote, wakapuliza mabomba kwa kompresa, kisha wakapitisha dawa maalumu ya propilini glikoli, ambayo kwa kawaida ni ya rangi ya waridi na haina sumu kali kama ile ya rejeta. Nairobi, hata Julai tunapovaa makoti mawili, haifiki nyuzi sifuri. Kununua dawa hiyo hapa ni kupoteza pesa bure.

Adui wetu ni maji yaliyosimama. Tangi likikaa juani ndani ya gari lililofungwa, maji hupata joto la kati ya nyuzi 20 na 45, ambalo ndilo bakteria wa lejionela, wasababishao homa ya mapafu, hulipenda, nao huingia mapafuni mtu anapovuta mvuke wa bafu. Kwa hiyo mwaga yote. Zima hita na uiache ipoe kabisa kabla ya kufungua kizibo chake, fungua koki za chini na mifereji yote, ya moto na ya baridi, ili hewa iingie na maji yatoke, kisha washa pampu kwa muda mfupi tu mpaka iteme hewa, maana ikizunguka kavu kwa muda mrefu inaweza kuungua. Toa kichujio, usikiache kioze humo. Midomo ya mabomba ya nje ifunikwe kwa kipande cha chandarua. Nyigu hawahitaji mwaliko.

Jirani yangu hulijaza tangi lake makusudi, akisema kuwa maji ya mgao hayaaminiki na lita 100 za akiba si za kumwaga. Hoja yake naielewa, ila akiba hiyo ingekaa salama zaidi katika mitungi anayoitumia na kuijaza upya kila wiki, kuliko katika tangi ambalo haliguswi tangu Aprili.

Kabla ya safari, tia tangini mililita 60 hivi za dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5, kwa kila lita 60 za maji, uifikishe kwenye kila mfereji, uiache usiku kucha, kisha usuuze mpaka harufu iishe. Anayepanda nyanda za juu za Aberdare, zaidi ya mita 3,000, ambako usiku huweza kuingia jalidi, naye hahitaji dawa ya kuzuia kuganda: afungue koki kabla ya kulala na abaki na mtungi wa maji ya kunywa ndani.

Nami nimebadilisha mabomba yote, na juu ya mdomo wa tangi nimeandika kwa rangi nyekundu MAJI YA KUNYWA TU. Fundi aliuliza kama maandishi hayo yalikuwa ya lazima. Nilimwonyesha kipande cha bomba la zamani, ambacho hadi leo kina ukijani.

Msomaji wako,
Lang'ata, Nairobi