Risala ya Wanafunzi wa Uchapaji kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Wafanyakazi

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu na wazazi wetu,

Karibu sana. Mwaka huu tumechagua kumkumbuka Makhan Singh, mwanzilishi wa vyama vya wafanyakazi nchini Kenya. Wengi humkumbuka kama mfungwa wa siasa. Sisi tunamhesabu kwanza kama fundi mwenzetu.

Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Nairobi 1927 kwa baba yake, Sudh Singh, seremala wa reli aliyefungua kiwanda cha kupiga chapa. Alipomaliza shule aliingia humo. Enzi hizo herufi za madini ya risasi zilipangwa moja moja kwa mkono, zikitazama kinyume. Ukichanganya b na d, hujui mpaka karatasi ya majaribio itoke. Wino ukizidi, matundu ya "a" na "e" huziba. Ukipungua, maneno hutoka na mabaka meupe. Kazi hiyo haimvumilii mtu wa takriban.

Machi 1935 alichaguliwa katibu wa chama cha wafanyakazi Wahindi. Aprili kikageuzwa kuwa Labour Trade Union of Kenya, mlango wazi kwa rangi zote. Na madai yake yalikuwa na vipimo: saa nane za kazi kwa siku, kuanzia tarehe 1 Oktoba 1936. Mgomo wa 1937 ulidumu siku 62. Mishahara ikapanda kwa asilimia 15 hadi 22. Serikali ya kikoloni ilimwona mchochezi, lakini mwajiri aliyepewa tarehe na idadi ya saa hajachochewa, amearifiwa.

Tarehe 1 Mei 1949, yeye na Fred Kubai, kiongozi mwenzake wa wafanyakazi, waliunganisha vyama katika East African Trade Union Congress. Tarehe 23 Aprili 1950, ukumbini Kaloleni, alitoa hoja ya uhuru wa nchi za Afrika Mashariki. Mei 15 wote wawili wakakamatwa, na Nairobi ikagoma. Singh alizuiliwa Lokitaung, Maralal na Dol Dol hadi tarehe 22 Oktoba 1961. Baada ya Uhuru hakupewa cheo chochote kikubwa, na hilo tunaliona dosari.

Mheshimiwa, tunataka kuchapa kijitabu cha maisha yake kwa shule za jirani. Kikwazo ni mashine ya kukatia karatasi: kisu ni butu, kinavuta rundo, karatasi za juu zinatoka na kipimo tofauti na za chini. Tunaomba visu viwili, kimoja kikiwa kwa mnoaji kingine kiendelee na kazi, pamoja na vitabu vya historia ya vyama vya wafanyakazi kwa maktaba yetu.

Tunaomba kuwasilisha.