Barua kwa mwanangu: nguzo yangu na nguzo yako

Mafinga, Mufindi
Julai

Mwanangu mpendwa,

Kamwene. Sisi huku hatujambo, ingawa baridi ya mwezi huu imemfanya mama yako asibanduke jikoni, na ukungu wa asubuhi hauruhusu kuiona hata milingoti iliyo ng'ambo ya barabara. Mdogo wako anakusalimu. Yeye ndiye aliyenisaidia kutafuta na kusoma mengi ya haya nitakayokuandikia, jioni baada ya jioni, bila kunicheka zaidi ya mara mbili.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ndiyo iliyotuharibia mambo. Uliponieleza kwamba kwa miezi minane umekuwa ukijifunza kucheza kwenye nguzo katika ukumbi wa mazoezi huko Dar es Salaam, na kwamba mwalimu wako anataka uanze kuwafundisha wanawake wengine, nilikutupia neno ambalo baba hapaswi kumwambia binti yake, kisha nikakata. Neno hilo nalifuta. Ninayoandika hapa chini si ya kulipamba kosa langu, bali ni maelezo ya namna nilivyokwenda nikabadilika, na mahali ambapo bado sijabadilika.

Unajua kwamba nimepanda nguzo miaka ishirini na saba. Nguzo nilizozipanda zilitoka katika misitu hii hii yetu, zikamenywa magome, zikakaushwa na kutiwa dawa, kisha zikasambazwa nchi nzima kubeba umeme. Nilikuwa napanda nikiwa na viatu vya chuma vyenye meno yanayouma mti, mkanda kiunoni, ovaroli nzito na glavu za ngozi. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba binti yangu anapanda nguzo akiwa na kikaptula, swali la kwanza kichwani mwangu lilikuwa ni kwa nini asivae nguo, na jibu nililojipa lilikuwa lile baya. Sikufikiri kwamba swali hilo lina jibu la kifundi.

Jibu nililipata alfajiri moja nyuma ya nyumba, kwenye bomba la chuma linaloshikilia tangi la maji. Nilihakikisha jirani hajaamka, nikalikumbatia bomba hilo nikiwa na sweta, nikajaribu kujiinua, nikateremka kama ndoo inayorudi kisimani. Nikakunja mikono ya sweta hadi juu ya viwiko, nikajaribu tena, na mara hii ngozi ikakamata, si vizuri, kwa kuwa chuma kilikuwa baridi kama barafu, lakini ikakamata. Baadaye nilisoma kwamba chuma baridi huteleza hata kwa mabingwa, na kwamba wachezaji hukipasha joto kabla ya kuanza. Hawaruhusiwi kujipaka mafuta mwilini siku ya mazoezi. Nilipomwambia mama yako habari hiyo, yeye aliyekulea kwa kukukagua miguu mlangoni kila asubuhi kama imepakwa mafuta, alisikitika kuliko alivyosikitikia kile kikaptula.

Tangu hapo nikaanza kuiangalia historia ya mchezo huu kwa jicho la fundi, nikagundua kwamba kila nguzo huchagua nguo yake. Huko India, katika jimbo la Maharashtra, kuna mchezo uitwao mallakhamb, maana yake nguzo ya mpiganaji wa mieleka, na mazoezi ya aina hiyo yametajwa katika maandishi ya karne ya 12 yanayohusishwa na mfalme Someshvara wa Tatu. Nguzo yao ni ya mti mgumu, pana chini na nyembamba juu, nayo hupakwa mafuta ya nyonyo ili isichune ngozi, kwa hiyo wachezaji huvaa vazi dogo la kubana tu. Mchezo huo ulififia, ukafufuliwa na mwalimu Balambhatta Deodhar mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa desturi wanaume ndio waliocheza kwenye mti, nao wasichana wakacheza kwenye kamba inayoning'inia, ingawa siku hizi wasichana nao huupanda mti. Mwaka 2013 jimbo la Madhya Pradesh liliutangaza kuwa mchezo rasmi wa jimbo, na mwaka 2019 Mumbai iliandaa mashindano ya dunia.

Wanasarakasi wa Kichina nao wana nguzo zao ndefu, ambazo mara nyingi hufunikwa mpira, na mtu huruka kutoka nguzo moja hadi nyingine, au hujishikilia kwa mikono miwili huku mwili wote umenyooka pembeni kama bendera kwenye upepo. Hao huvaa nguo nzito kama mimi, kwa sababu mpira huunguza ngozi inayoteleza juu yake. Sasa fikiri, mwanangu: Mchina amevaa mwili mzima, Mhindi amebaki na kivazi, na hakuna anayemwita Mhindi mhuni. Mkao wa mwili ni ule ule.

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo, nikakwambia kwamba mchezo wako umetoka moja kwa moja kwa wapiganaji wa India. Ule unaojifunza wewe umepitia njia nyingine pia. Mwaka 1893 yalifanyika maonyesho makubwa huko Chicago, na ndani yake wachezaji wa kike wa ngoma za Mashariki ya Kati waliwashangaza Wamarekani kwa kutikisa viuno. Waigaji wao wakaenea katika maonyesho ya mahema yaliyozunguka miji midogo, na wengi wanaoieleza historia hii husema kwamba huko ndiko mti wa katikati ya hema ulikoingizwa katika dansi. Kutoka kwenye hema ngoma ikahamia kwenye kumbi za starehe, na kufikia miaka ya 1980 nguzo ya chuma ilikuwa kitu cha kawaida katika klabu za Kanada na Marekani, ambako wanawake walivua nguo jukwaani kwa malipo. Mmoja wa wachezaji wa Kanada, Fawnia Mondey, alianza katika miaka ya 1990 kuwafundisha wanawake wa kawaida waliotaka mazoezi tu, na akatoa mikanda ya video ya mafunzo. Darasa lako ni mjukuu wa madarasa ya namna hiyo.

Hapa ndipo nina neno la kukwambia kwa uzito. Katika simu ile, ulipoona nimekasirika, ulisema upesi upesi, "Baba, sisi si kama wale." Nimesoma kwamba katika mitandao wapo wachezaji wengi waliojitangaza hivyo hivyo, kwamba wao si wavua nguo, na wale wa klabu wakawajibu kwa uchungu kwamba mizunguko mnayoifanya, mikao mnayoipa majina, na hata viatu virefu ambavyo baadhi yenu huvivaa, vyote vilibuniwa au kukomazwa na wao. Nadhani wana haki. Mimi siipendi kazi yao na nisingetaka uifanye. Lakini mtu aliyekufundisha ufundi hutengwi naye kwa kumtukana, na nilijua mafundi waliojifunza kazi kwa mzee mlevi wa Ilembula ambao hawakuthubutu kusema kwamba hawakumjua. Usiitafute heshima yangu kwa kuwachafua wanawake hao.

Upande wa michezo mambo yamekwenda kwa kasi. Shirikisho la kimataifa la michezo ya nguzo lilianzishwa mwaka 2009 chini ya Katie Coates wa Uingereza, na mashindano yao ya kwanza ya dunia yakafanyika London mwaka 2012. Jukwaani huwekwa nguzo mbili, moja imekaa imara na nyingine inazunguka, na waamuzi hutoa alama kwa kila mkao kama wafanyavyo katika jimnastiki. Wapo washindani watoto, wapo wenye zaidi ya miaka arobaini, wapo wenye ulemavu, na wapo wanaume. Oktoba 2017 muungano wa mashirikisho ya michezo duniani, ambao baadaye ulivunjwa, uliwapa hadhi ya mwangalizi. Mdogo wako alishangilia akidhani ni Olimpiki. Ikabidi nimweleze kwamba mwangalizi ni mtu aliyekaribishwa kukaa barazani, na bado hajaambiwa apite ndani.

Kukubalika kwenyewe kuna vikwazo vyake. Mwaka 2018 mkuu wa shule ya chekechea huko Shenzhen, China, aliondolewa kazini kwa sababu sherehe ya kufungua muhula ilikuwa na mchezaji wa nguzo mbele ya watoto na wazazi. Mwaka 2020 mwimbaji wa Marekani, Jennifer Lopez, akiwa na miaka hamsini, alipanda nguzo katikati ya fainali ya mpira wa Kimarekani. Mamilioni walimshangilia, na mamlaka ya mawasiliano ya huko ilipokea malalamiko zaidi ya elfu moja. Kwa hiyo usije ukashangaa shangazi zako wa Ifunda wakikununia. Bibi yako aliwahi kutengwa kushiriki meza ya Bwana kwa muda kwa kosa la kucheza ngoma kwenye arusi ya binamu yake, na leo katika kanisa lile lile kwaya inaingia na ngoma, kayamba na viuno, huku wazee wanatoa sadaka za kuwatuza. Bibi alizisikia ngoma hizo akiwa hai. Hakusema kitu, alitikisa tu mguu mmoja chini ya benchi, na mimi nilikuwa nimekaa karibu naye.

Kuhusu kufundisha, sikukatazi tena. Sitakudanganya kwamba nimelizoea. Ukialikwa kucheza katika baa usiku sitakuja kukutazama, na ningependa usiende. Lakini darasa la asubuhi la wanawake wanaotaka mabega yenye nguvu silioni tatizo, na watu wakiniuliza hapa Mafinga unafanya nini nitawaambia kwa jina lake.

Kinachoninyima usingizi sasa ni nguzo yenyewe. Hujaniambia imefungwa na nani. Je, imeshikwa kwa boliti kwenye zege la dari, au imekazwa tu kati ya sakafu na dari kwa nguvu ya skrubu, na dari hiyo ni zege kweli au ni ubao wa jipsamu? Godoro la kuangukia lina unene gani? Katika kazi yangu hatukupanda nguzo yoyote kabla ya kuigonga kwa nyundo na kusikiliza sauti yake, kwa maana iliyooza ndani hulia tofauti, na niliwahi kumzika mwenzangu aliyeruka hatua hiyo kwa sababu mvua ilikuwa inakaribia.

Tarehe 12 Agosti nitashuka na basi la asubuhi, nije na spana na timazi yangu. Mwambie mwalimu wako kwamba baba yako atahitaji nusu saa na ngazi, kabla ya mwanafunzi yeyote kupanda siku hiyo. Mama yako atakuletea viazi na maharage, na ameniagiza nikuulize kama mafuta yanaruhusiwa walau miguuni.

Ni mimi baba yako.