Kastaneti zako hazilii? Usizipige msasa, zilete kwanza

Ujumbe wa namna hii unanifikia mara kwa mara, na mwanzo wake haubadiliki: "Mangi, umenipiga." Halafu picha inafuata. Kastaneti za mpingo nilizotengeneza mimi, yaani vibao viwili vidogo vilivyochimbwa shimo ndani na kuunganishwa kwa kamba, unavigonga kiganjani kwa vidole, zimeshikwa mbele ya taa, na mtu amechora mshale mwekundu pale mwanga unapopenya kati ya vibao viwili. "Hazifungi vizuri. Umelipua kazi."

Naandika hapa jibu lote mara moja, ili mwingine akiniletea mshale mwekundu nimtumie hili.

Mwanga huo nimeuweka mimi kwa makusudi. Vibao vya kastaneti havitakiwi kukutana ukingo mzima. Vinagusana sehemu ndogo tu kule chini, mbali na kamba. Huku juu, kwenye masikio, zile ncha zenye matundu ya kamba, panabaki upenyo mwembamba. Mguso ule mdogo ndio unaotoa mlio mkavu unaokata. Vikibana pande zote, unapata sauti ya mfuniko wa sufuria. Kuutafuta mguso huo kwa msasa laini, unakwaruza kidogo, unagonga, unasikiliza, unakwaruza tena, kunanichukua muda mrefu kuliko kuchimba shimo la ndani kwa patasi. Kwa hiyo ukiniambia nimelipua hapo, utanisamehe nikijibu kwa ukali.

Mama mmoja wa Shanty Town alimnunulia binti yake jozi mbili, akaona ule mwanga, akaona aibu kunirudia. Akazipeleka kwa fundi makabati wa jirani. Fundi naye hakuuliza kifaa hicho ni cha nini, akawasha msasa wa mashine na kuzisawazisha mpaka zikafunga kabisa. Akatoza shilingi 5,000. Ziliporudi kwangu, shimo lilikuwa limepungua kina na ukingo umekuwa bapa. Mbao ukishaitoa hairudi. Alinunua nyingine kwa bei ileile, na hakuna siku niliyoona uchungu kupokea hela kama siku hiyo. Angekuja kwanza, ningemwonyesha bure kwamba tatizo lilikuwa kamba.

Na kweli, karibu kila mara tatizo ni kamba. Inapita kwenye matundu na kukunjwa ili ipatikane vitanzi viwili. Kidole gumba kinapita kwenye vyote: kimoja kinakaa karibu na shina la ukucha, cha pili kinavuka kifundo na kukaa nyuma yake. Vibao vinaning'inia kiganjani. Sasa vifunge kwa vidole, kisha achia. Vikifunguka vyenyewe, umepatia. Visipofunguka, kamba imelegea. Vikigoma kufunga, umeikaza mno na gumba litakufa ganzi kabla hujamaliza wimbo. Fundo nalifunga la kusogea ili urekebishe mwenyewe, maana mkono wa asubuhi ya Julai hapa Moshi na mkono wa mchana wa Februari havilingani unene.

Kuna wanaoona kamba yangu nyembamba, wakataka ya kiatu. Ya kiatu haipiti. Basi wanapasha msumari moto na kupanua tundu. Mpingo ni mgumu lakini haupendi kuonewa: sikio linapasuka kufuata nyuzi za mti, na kibao kimoja kikifa, mwenzake hana kazi. Vibao viwili vya jozi vinatoka kwenye kipande kimoja cha mbao, siwezi kukuchongea cha kuazima. Kijana wa Majengo aliyefanya hivyo aliniomba nigundishe. Niligundisha kwa sababu alisisitiza na nikamwambia gundi itaua mlio. Iliua.

Wengine wanavaa kidole cha kati kwa sababu wameona hivyo kwenye simu. Hawajadanganywa. Katika ngoma za kienyeji za baadhi ya mikoa ya Hispania huvaliwa hivyo, na mtu anatikisa mkono mzima. Lakini zangu nimezifunga kwa ajili ya gumba, kwa mtindo wa vidole, na mitindo hii miwili usiichanganye siku ya kwanza.

Halafu angalia mikono. Jozi mbili hazifanani sauti. Ya kulia ina sauti ya juu, Wahispania huiita jike. Ya kushoto ina sauti nzito kidogo, ndiyo dume. Ya kulia nimeitia mkato mdogo sikioni. Mwalimu mmoja wa kwaya kutoka Kibosho alizipiga kinyume kwa wiki kadhaa, akidai nimemuuzia zenye sauti zilizokosana.

Mkono wa kushoto ni rahisi: kidole cha kati na cha pete vinapiga pamoja, ta. Wa kulia ndio shule yenyewe. Unaanza na kidole kidogo, unafuata cha pete, cha kati, unamalizia cha shahada, kila kimoja kikigonga kwa zamu yake, kisha kushoto kunapokea. Milio minne kulia, mmoja kushoto. Walimu wa Hispania wanaitamka ile minne ya kulia "ria", wa kushoto "ta", na pigo moja la kulia "pi". Kwa hiyo wanafunzi wangu huimba ria-ta, ria-ta, pi-ta huku wakipiga, na jirani yangu wa cherehani sasa anaujua wimbo huo kuliko baadhi yao.

Kidole cha pete kitakuwa kivivu. Ni cha kila mtu, si ugonjwa. Dawa yake ni kuanza mezani bila kastaneti, unagonga vidole vinne kimoja kimoja, taratibu mpaka uchoke kwa kuboreka. Mwanafunzi anayeharakisha hupoteza pigo la pili, anabaki na matatu, na masikio yake yanazoea. Kumrudisha huyo ni kazi zaidi ya kumfundisha aliyeanza jana. Kingine, usitikise kifundo cha mkono ukidhani unapata kasi. Vidole ndivyo vinavyofanya kazi.

Saa moja ya somo hili imo ndani ya bei, na ndiyo watu wanayoiruka. "Nitaangalia kwenye simu, mangi, nina haraka."

Sasa bei, maana najua umeisubiri. Jozi mbili za mpingo ni shilingi 120,000, za mninga 60,000. Ndiyo, za plastiki utazipata kwa bei ya chipsi kuku. Mpingo ni mti huohuo wanaotengenezea klarineti, ala ya kupuliza, huko Ulaya, mzito hata unazama majini, na unakua kwa miongo mingi. Gogo langu linatoka kusini likiwa na kibali. Nikilipasua, sehemu kubwa ni kuni: ganda jeupe, nyufa, mafundo. Kinachobaki nakipaka nta kwenye ncha na kukiacha kivulini kikauke polepole, kwa sababu kikikaushwa juani kinapasuka baada ya wewe kukilipia. Anayekuuzia mpingo kwa 40,000 ameruka hatua mojawapo kati ya hizo, au si mpingo, ni mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu. Nimeshaletewa wa hivyo. Vidole vya mteja vilikuwa vyeusi.

Anayeanza simshauri mpingo, na wateja wengine hushangaa nikikataa hela. Chukua mninga. Na kama unataka mlio tu kwa ajili ya kwaya, bila kujifunza vidole, ziko zenye mpini, unatikisa au unagonga pajani, 25,000. Yule mwalimu wa Kibosho aliishia kununua hizo kwa ajili ya watoto, na zake za vidole akabaki nazo.

Kamba mpya ni 3,000, kufungiwa bure, hata kama hukununua kwangu. Jumatatu karakana imefungwa. Ukija, kata kucha za mkono wa kulia.